Usiulize tu "kwenu kuna presha?"

"Kwenu kuna mtu mwenye presha, mama?"

"Hakuna, alhamdulillahi."

"Baba yupo?"

"Alishafariki, mwanangu."

"Alifariki kwa maradhi gani?"

"Hata hakuugua. Aliamka alfajiri kutawadha, akaanguka pale pale kwenye birika. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukaenda kombo. Wakasema kapigwa na jini. Siku ya tatu akatutoka."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Hakuwa mzee. Mimi nilikuwa bado sijaolewa."

Mazungumzo ya namna hii ni ya kawaida kwetu tunaopima presha Lamu, kutoka Mkomani hadi Langoni, Shela, na ng'ambo ya Mokowe. Anayepima akiishia kwenye jibu la kwanza, huandika "hakuna" kwenye karatasi ya mtu ambaye baba yake, kwa kila dalili, aliondoka na kiharusi akiwa bado na nguvu zake. Kosa si la mama. Ameulizwa habari za ugonjwa ambao baba yake hakuwahi kupimwa, naye kajibu kweli tupu. Anachojua yeye ni kuanguka, kupooza na jini. Kuyageuza maneno hayo yawe historia ya ukoo ni kazi ya anayeuliza.

Hukosi kijana mmoja barazani atakayesema: kwa nini tusipimwe jeni moja kwa moja, mambo yaishe? Swali ni zuri na jibu lake linafaa lieleweke vizuri. Presha ya kawaida, hii inayowapata watu wengi, haina jeni moja. Wataalamu wameshapata zaidi ya sehemu 1,000 kwenye vinasaba vya binadamu zinazohusiana na presha, na kila moja peke yake husogeza kipimo kwa chini ya milimita 1 ya zebaki. Ni kama mchango wa harusi. Huyu kaleta mchele, yule mbuzi, wengine noti za mia mbili mia mbili, na ukitaka kujua ni nani hasa aliyewalisha wageni, humpati. Baadhi ya jeni hizo zinagusa namna figo inavyoshika chumvi, baadhi zinagusa ugumu wa mishipa, nyingine homoni. Zipo alama za jumla zinazojumlisha michango hii yote kuwa namba moja, lakini nyingi zimetengenezwa kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya, na zikipelekwa kwa Waafrika hubashiri vibaya zaidi. Kwa hiyo kijana akilipa, atapewa namba iliyokatiwa mwili wa mtu mwingine, kama kanzu ya kuazima. Afadhali pesa hiyo inunue mashine nzuri ya presha na betri za akiba. Ukoo ulioulizwa vizuri ndio kipimo cha jeni tulicho nacho kisiwani, na hakihitaji maabara.

Kuna namba moja inayozunguka sana na kueleweka vibaya. Tafiti za pacha na za familia zinaonyesha kwamba kiasi cha asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha kati ya mtu na mtu hutokana na urithi. Watu husikia hivyo wakadhani kila wagonjwa 100, 40 wamerithi na 60 wamejitakia. Sivyo. Namba inazungumzia tofauti ndani ya kundi zima la watu. Haiwezi kumwambia Bi Fulani kwamba milimita kadhaa za presha yake zimetoka kwa mama na nyingine zimetoka kwenye papa mkavu. Ndani ya mwili mmoja, jeni na chumvi hufanya kazi pamoja: jeni inaweza kuifanya figo iwe bahili wa kutoa chumvi, na ubahili huo hauonekani sana mpaka chumvi iwe nyingi.

Sasa, kwenye kuuliza. Jambo la kwanza tulilolikosea miaka mingi ni kuandika "ndiyo" au "hapana" bila umri. Karibu kila ukoo mkubwa una mzee wa miaka 75 mwenye presha. Hilo peke yake halikuelezi mengi kuhusu mjukuu. Utafiti wa muda mrefu wa Framingham, Marekani, katika matokeo yaliyotolewa 2017, ulionyesha kwamba watoto wa wazazi walioanza presha kabla ya miaka 55 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuipata, na wazazi wote wawili wakiwa hivyo hatari inapanda zaidi. Lakini wazazi walioanza uzeeni hawakuwaongezea watoto wao hatari hiyo kwa namna iliyoonekana. Umri wa kuanza ndio dhahabu ya swali hili. Vivyo hivyo kwa maradhi ya moyo na kiharusi: madaktari huhesabu kuwa ni mapema ikiwa baba au kaka alipatwa kabla ya miaka 55, na mama au dada kabla ya 65.

Lakini umri wenyewe haupatikani kwa kuuliza "alizaliwa mwaka gani?" Wazee wengi watakukodolea macho tu. Tumia matukio. Alianguka kabla au baada ya Mzee Kenyatta kufariki, yaani 1978? Ilikuwa kabla ya mvua za El Niño za 1997? Mwaka ule bahari ilipochafuka kwa tsunami, 2004, alikuwa anatembea mwenyewe au alishalala? Kisha upande wa pili: wakati huo mtoto wake wa kwanza alikuwa chuoni, au alishaoa? Mtu aliyezaa mtoto wa kwanza akiwa na miaka 20 hivi, na akapooza mtoto huyo alipokuwa darasa la saba, alikuwa na miaka thelathini na kitu. Hapo hata kama hujui mwaka kamili, umeshajua kwamba hili si jambo la uzee.

Chukua ukurasa mzima wa daftari, ulaze, mwandike anayepimwa chini katikati. Wanaume mraba, wanawake duara, vizazi vitatu kwenda juu, na pembeni ndugu zake. Kwa kila mmoja andika yuko hai au alifariki akiwa na umri gani, presha ilianza lini, nini kilimpata, na kama anakunywa dawa ni dawa gani. Basi. Ukoo wa watu kumi na tano humalizika kwa nusu saa, na ukisaidiwa na shangazi mmoja mwenye kumbukumbu hata kabla ya hapo. Shangazi huyo, kwa kawaida, ndiye anayejua pia mambo ambayo wanaume wamesahau: mimba zilizoharibika, watoto waliokufa, nani alivimba miguu.

Penye Waswahili pana mtego wa majina ya ukoo. "Baba" anaweza kuwa ami, yaani ndugu wa baba. "Ndugu yangu" anaweza kuwa mtoto wa khalati, yaani dada wa mama. "Mama" anaweza kuwa aliyemlea. Uliza waziwazi: ni wa tumbo moja? Baba mmoja? Ndugu wa baba na mama mmoja wanashiriki kwa wastani nusu ya jeni zao; wa baba mmoja mama mbali, robo; watoto wa ndugu wawili, sehemu moja ya nane. Na ndugu wa kunyonya, ambaye kisheria ni maharimu na huwezi kumuoa, kwa upande wa jeni hakuachii chochote kwa sababu ya ziwa hilo. Tumewahi kuona mchoro wote ukielekea upande usio wake kwa sababu "dada" aliyepooza alikuwa dada wa ziwa.

Ndoa za binamu nazo zinaubadilisha mchoro. Mistari miwili inakutana juu, na bibi mmoja anahesabika mara mbili: kwa baba na kwa mama. Hilo halizalishi jeni mpya za presha wala si sababu ya kumsuta mtu. Maana yake ni kwamba kama bibi huyo alianza presha mapema, mjukuu ana njia mbili za kurithi alichonacho. Pia yapo maradhi machache sana ya tezi na figo ambayo hutokea pale tu mtoto anapopata nakala yenye kasoro kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo mtoto mdogo akikutwa na presha ya kupanda na wazazi wake ni watu wa nyumba moja, habari hiyo mwambieni daktari bila kuona haya. Itamfupishia kazi.

Majibu ya wazee yana lugha yake na inafaa uizoee. Aliyepooza upande au mdomo kwenda kombo, andika kiharusi hata kama nyumbani wanamtaja jini. Huna haja ya kubishana na mtu kuhusu jini. Aliyevimba mwili mzima, uso zaidi asubuhi, na mkojo ukapungua, fikiria figo. Aliyekuwa hawezi kulala chali, akilazwa kwenye mito mitatu, fikiria moyo uliochoka. Aliyepata degedege akiwa mjamzito au baada ya kujifungua, hicho huenda ni kifafa cha mimba. "Alilala hakuamka" iache kama ilivyo; yaweza kuwa mambo mengi, na ukijaza kwa kubahatisha umeuharibu ukurasa.

Mara moja moja mchoro unaonyesha kitu kingine kabisa: presha inayobebwa na jeni moja tu. Ni nadra, lakini mwenye nayo akitibiwa kama wengine huteseka miaka. Mfano ulio wazi ni ule alioueleza daktari Grant Liddle wa Marekani mwaka 1963: ndugu wa familia moja, vijana, presha juu na potasiamu chini. Ndani ya vijirija vya figo kuna vilango vya kupitisha chumvi irudi mwilini. Kwa kawaida kilango kikishatumika mwili hukitia alama kikaondolewa. Kwa watu hawa sehemu inayotiwa alama imekatika kwa kasoro ya jeni, basi vilango haviondolewi, vinarundikana, na chumvi inarudi mchana na usiku. Kasoro yenyewe ilipatikana 1994. Msichana wa kwanza aliyeelezwa na Liddle baadaye alibadilishiwa figo kwa sababu zake zilishindwa, na presha ikatengemaa. Shahidi mzuri kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya figo. Dawa inayofaa hapo ni amiloridi, inayoziba vilango hivyo. Spironolaktoni, ambayo hufanya kazi kupitia homoni, haisaidii, kwa kuwa homoni haina kosa.

Nyingine, isiyo nadra kiasi hicho, ni figo zenye vifuko vya maji. Kila mtoto wa mzazi mwenye nayo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, mwanamume au mwanamke, na presha mara nyingi hutangulia kabla figo hazijaanza kushindwa. Ukisikia "baba aliwekwa kwenye mashine ya figo, na ami yake vilevile", omba picha ya ultrasaundi ya figo. Ikitoka safi kabla ya miaka 30 usishangilie sana, kwani vifuko vinaweza kuwa bado vidogo mno kuonekana. Ikitoka safi baada ya 40, mtu anaweza kupumua.

Dalili za kutuma mtu kwa daktari badala ya kumpa ushauri wa chumvi peke yake: presha imeanza kabla ya miaka 30 na hana unene, inakataa dawa tatu alizokunywa sawasawa, mojawapo ya kukojoza, misuli inakaza au kulegea na potasiamu iko chini ya 3.5, kichwa, jasho na moyo kwenda mbio vinakuja kwa vipindi kama dhoruba, mkojo una damu au protini. Kipimo cha mkojo cha kijiti ni rahisi na kinasahaulika kupita vyote.

Tunafika kwenye chungu. Ukoo unarithisha jeni na unarithisha pia mapishi, na vitu hivi viwili vinasafiri pamoja kiasi kwamba usipoangalia utavichanganya. Ushahidi mzuri tunao hapa hapa Kenya. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi, matokeo yakatolewa 1990. Presha zao zilianza kupanda mapema baada ya kuhama kuliko za wenzao waliobaki nyumbani. Chumvi kwenye mkojo ikaongezeka, uzito pia. Jeni zao zilikuwa zile zile walizopanda nazo basi.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo imo ya mkate, ya achari na ya supu ya unga. Hakuna anayepima kijiko jikoni. Tunachofanya ni kuandika tarehe kwenye pakiti ya chumvi siku inapofunguliwa. Nyumba ya watu 6, kwa gramu 5 kila mmoja, ni gramu 900 kwa mwezi. Kilo moja ikiisha kwa wiki mbili, kila mtu anakula karibu gramu 12, hata kabla hujahesabu ile iliyokuja na vyakula vya dukani. Ondoa kidogo kwa ile iliyotumika kupaka samaki ikaoshwa. Na chumvi ni chumvi: iwe ya pakiti au ya mawe kutoka machumvini Gongoni na Marereni, sodiamu ni ile ile. Ya mawe isiyotiwa madini joto inakunyima faida ya madini hayo na haikupi nafuu ya presha.

Papa mkavu na ng'onda hatuwaambii watu waache, wangetucheka. Roweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, ndipo utie nazi, na chungu hicho kisitiwe chumvi nyingine wala kiungo cha mchuzi cha pakiti, ambacho nacho ni chumvi. Kosa la kawaida ni kuroweka vizuri kisha kuonja na kusema "mbona baridi", mkono ukaenda kwenye mkebe. Ndimu na pilipili zinadanganya ulimi vizuri zaidi. Achari ya ndimu: kipande kimoja, si mchuzi wake.

Maji ndiyo habari inayosahaulika. Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvi chumvi, na kiangazi kikizidi yanazidi. Piga hesabu: maji yenye miligramu 500 za sodiamu kwa lita, ukinywa lita mbili, umeshakula miligramu 1,000, nusu ya kiwango cha siku nzima ambacho ni 2,000, yaani sodiamu iliyomo ndani ya zile gramu 5 za chumvi. Mtu mwenye figo bahili anaweza kupunguza chumvi chunguni na presha isishuke kwa sababu ya mtungi. Penye jabia la mvua, maji ya kunywa na ya chai yatoke humo, ya kisima yaoshe vyombo. Jabia lenyewe lisafishwe kabla ya mvua, lifunikwe, na maji ya kunywa yatibiwe.

Madafu yana potasiamu nyingi na kwa mtu mwenye figo nzima hayana neno. Kwa mwenye figo mbovu, au anayekunywa dawa za presha kama losartani, enalaprili au spironolaktoni, potasiamu inaweza kupanda ikauvuruga moyo. Huyo aulize kwanza.

Urithi wote huu ni kelele tupu kama kipimo chenyewe ni kibaya, na barazani kipimo huharibika kwa njia za kwetu wenyewe. Mzee katoka kunywa vikombe vitatu vya kahawa tungu, au kijana ana miraa au muguka shavuni. Subiri nusu saa baada ya kahawa au sigara. Mwenye miraa mwambie arudi siku asipotafuna. Baraza la mawe halina mahali pa kuweka mkono, basi mkono unaning'inia. Kila sentimita 10 chini ya usawa wa moyo inaongeza milimita 7 au 8. Leta kigoda au mto. Miguu isipandanishwe, mgongo uegemee, dakika 5 za kimya kabla. Mazungumzo wakati mashine inajaa upepo, na kibofu kilichojaa, kila kimoja kinaweza kuongeza takriban 10, na Lamu nani atakaa barazani bila kuzungumza? Akina mama wapimwe ndani: mkono wa buibui ukikunjwa ukabana juu, unafanya kazi ya kamba na kipimo hakifai, na mkanda haufungwi juu ya nguo.

Mkanda wenyewe upimwe kwa tepu ya fundi cherehani. Zungusha katikati ya mkono wa juu. Mkanda wa kawaida wa mashine za nyumbani ni wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa 36 unataka mkanda mkubwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ukweli, wakati mwingine kwa 10 hadi 20. Hapa ndipo ukoo wa watu wanene hupewa jina la "ukoo wa presha" kwa kosa la kitambaa. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Vipimo vikipishana, tumia mkono wenye kipimo cha juu siku zote. Soma mara mbili kwa kupishana dakika moja, andika wastani.

Ikiwa ni 140/90 au zaidi katika siku mbili tofauti zahanati, hiyo ni presha. Nyumbani, asubuhi na jioni kwa siku 7, tupa vipimo vya siku ya kwanza, wastani wa vilivyobaki ukifika 135/85 ni hivyo hivyo. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kichwa kikali, macho kutia kiwi au upande kulegea, tafuta boti, usitafute shangazi. Mwenye mzazi aliyeanza kabla ya miaka 55 apimwe kila mwaka tangu miaka 18. Watoto wana viwango vyao na mkanda wao.

Dawa haigawanywi ndugu kwa ndugu. Watu wa tumbo moja wanatofautiana nusu nyingine ya jeni, na pia mimba, figo na umri. Enalaprili ya kaka inaweza kumpa dada kikohozi kikavu kisichoisha au, mara chache, uvimbe wa midomo na koo, ambao ni dharura na huwapata watu wenye asili ya Afrika zaidi. Na haifai kabisa kwa mjamzito. Mwaka 2019 jaribio lililofanyika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, liligundua kwamba amlodipini, dawa inayolegeza mishipa, pamoja na dawa ya kukojoza, au amlodipini pamoja na perindoprili, ndugu ya enalaprili, zinashusha presha kuliko perindoprili na dawa ya kukojoza bila amlodipini. Sababu inayotajwa ni kwamba Waafrika wengi wana presha ya kushika chumvi yenye renini ndogo, yaani kemikali ya figo inayosaidia kupandisha presha.

Ila hapo pana la kusema kwa watu wa pwani. Mwaka 2023 vinasaba vya watu waliozikwa zamani Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa vilichunguzwa, vikaonyesha mchanganyiko ulioanza karibu miaka 1,000 iliyopita: upande wa akina mama zaidi Waafrika, upande wa akina baba wengi kutoka Uajemi. Wazee walikuwa wakituambia habari za Washirazi tukatabasamu. Kwa mtu wa Pate au Lamu, basi, kumtazama rangi na kuamua dawa ni kubahatisha. Anza na kinachofaa wengi, kisha amini mashine: pima baada ya wiki nne, na kama haijashuka badilisha au ongeza, usimlaumu mgonjwa kwanza. Ingawa, kusema kweli, hesabu na vidonge vilivyobaki.

Binti ambaye mama yake au dada yake alipata kifafa cha mimba aliseme hilo kliniki ya kwanza kabisa, mapema kabla ya wiki 16, kwa sababu aspirini ndogo wanayopewa wenye hatari inafaa zaidi ikianza mapema. Upande wa mume nao una neno: mama mkwe aliyepata kifafa cha mimba akiwa amembeba mume huyo tumboni ni habari ya kuandikwa.

Ramadhani: zungumza na daktari Shaabani. Dawa za mara moja kwa siku huhamia futari bila shida. Ya kukojoza isinywewe daku, mchana utaukausha mwili.

Na siku nzuri ya kujaza ule ukurasa ni siku ya khitma au arusi, watu wa Malindi na Mombasa wakiwa wamefika na shangazi wote wako chini ya paa moja. Wapimwe asubuhi kabla ya pilau na kahawa, chumbani, mmoja mmoja, daftari likiwa kwa mtu asiyependa kutangaza namba za wenzake. Mwenye presha aandikwe na umri ilipoanza, mwenye kipimo kizuri aandikwe na tarehe. Asiyetaka kupimwa haandikwi "mzima". Huandikwa "hajapimwa", na nafasi iachwe mbele ya jina lake.